Chatu Ndani ya Kabati la Televisheni

Je, wajua kwamba kabati lililotengenezwa kubeba televisheni ya chogo laweza kumfaa chatu kuliko tangi la kioo? Nchini Marekani, katika miaka ya 1990, sebule nyingi zilikuwa na kabati kubwa la mbao lenye uwazi mpana katikati na kina cha kutosha kuficha chogo lote. Zilipoingia televisheni bapa, makabati hayo yakakosa kazi. Mengine yaliuzwa kwa bei ya kutupa, mengine yakaachwa kando ya barabara, achukue anayetaka. Wafugaji wa nyoka wakayachukua, na walijua walichokuwa wakifanya.

Mpangaji wa kawaida wa kabati hilo ni Python regius, chatu mdogo ambaye makazi yake ya asili yanaanzia Senegali hadi Uganda. Aliyekomaa kwa kawaida ana urefu wa kati ya mita moja na moja na nusu. Akiogopa hujiviringisha akawa tufe na kuficha kichwa katikati. Ghana, Togo na Benin zimesafirisha wengi sana kwenda Marekani na Ulaya, ambako sasa huzalishwa pia majumbani. Kwetu Kenya na Tanzania mambo ni tofauti: chatu ni mnyamapori, na kumfuga bila kibali ni kosa.

Nyoka huyu hutegemea joto la mahali alipo. Akishameza panya, tumbo lake litafanya kazi vizuri ikiwa tu mwili umepata joto; akipoa mno, anaweza kumtapika panya huyo siku kadhaa baadaye. Kwa hiyo anahitaji nyumba yenye upande wa moto, nyuzi 31 hadi 33 hivi, na upande wa baridi kidogo, nyuzi 25 au 26, ahame mwenyewe kadiri mwili unavyotaka. Hapo ndipo mbao zinaposhinda. Kioo hupitisha joto zaidi ya mara tano kuliko mbao, na tangi lenye wavu juu huachia joto na unyevu vyote viwili.

Fundi huanza kwa kung'oa rafu, ili chatu aweze kujinyoosha. Kisha hugeukia mgongo wa kabati, kwenye tundu la kupitishia nyaya. Tundu hilo ni mlango wa kutorokea, kwani panapopita kichwa cha nyoka na mwili hupita. Huzibwa kabisa, ubakie upenyo wa waya tu. Mbele huwekwa vioo viwili vya kusukuma vinavyoteleza kwenye reli, na kufuli. Hewa huingia kwa matundu ya chini upande mmoja na kutokea juu upande wa pili, yote yamefunikwa kwa wavu wa chuma.

Adui mkubwa ni maji. Makabati mengi ya wakati huo si ya mbao tupu. Ni chipubodi, yaani vumbi na vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, juu pamebandikwa karatasi yenye sura ya mbao. Uso wake huvumilia, lakini pale msumeno ulipokata, ukingo hunyonya maji kama andazi kwenye chai, ukavimba na kumomonyoka. Chatu huyu anataka unyevu wa asilimia 60 hivi, tena hupenda kuingia kwenye bakuli lake la maji. Basi kila ukingo hupigwa msasa, hupakwa vanishi ya maji mara kadhaa, na kila pembe huzibwa kwa silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Vanishi hukauka kwa saa chache, lakini mvuke wake huendelea kutoka kwa siku nyingi. Nawasihi wenye haraka: subirini hadi harufu iishe kabisa, kwa sababu mnyama aliyefungiwa humo hana dirisha la kukimbilia. Kabati la mwerezi liacheni kabisa, kwani mafuta yake yenye harufu humdhuru nyoka.

Joto nalo lina hatari yake. Nyoka hukaa juu ya kitu cha moto hadi akaungua, kwa hiyo balbu au kipasha joto cha kauri huzungushiwa kizimba cha waya, na themostati hukizima joto likifika kiwango. Ndani huwekwa maficho mawili ya kumbana, moja kila upande, kwa kuwa porini chatu huyu hushinda ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa. Akiwa na ficho moja tu, anaweza kubaki pale anapojisikia salama hata kama mwili unadai joto la upande wa pili.

Kabati likikamilika, huwashwa tupu kwa siku kadhaa, vipimajoto viwili vikisomwa mchana na usiku. Namba zikitulia, chatu huingizwa, kufuli hufungwa, na huachwa bila kushikwashikwa hadi atakapokula mlo wake wa kwanza humo.