Mbele Ipi? Istilahi za Kihisi cha Oksijeni katika Gereji za Shinyanga na Geita

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza majina ya kifaa kimoja kidogo cha gari, na hasara inayoweza kutokea pale majina hayo yanapogongana. Kifaa hicho ni kile kinachopima oksijeni katika moshi wa injini. Eneo linalohusika ni ukanda unaotoka Shinyanga kupitia Kahama hadi Geita na Katoro, ambako biashara ya usafiri ilishamiri baada ya mgodi wa Geita kuanza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Magari mengi ya petroli yanayobeba abiria huko, kama vile Hiace, Noah na Probox, yalikuwa yamekwisha kutumika nchini Japani kabla ya kuletwa. Si ajabu kukuta gari lililokwisha kwenda kilomita laki mbili na zaidi. Pikapu za dizeli za muundo wa zamani zinazoingia migodini hazimo katika mjadala huu, kwani hazina kifaa hicho.

2.0 Kifaa chenyewe

Kifaa hiki kilianza kufungwa katika magari ya Volvo yaliyouzwa Marekani mwaka 1976, kikiwa kimetengenezwa na kampuni ya Bosch. Ncha yake ni ya kauri ya zirikonia. Upande mmoja wa kauri hupata moshi, upande wa pili hupata hewa ya nje, na tofauti ya oksijeni baina ya pande hizo huzaa umeme mdogo: kiasi cha volti 0.9 mchanganyiko unapokuwa na petroli nyingi, na volti 0.1 hewa inapozidi. Kompyuta ya injini husoma umeme huo, kisha huongeza au kupunguza petroli ili uwiano ukaribie sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzito. Kauri haifanyi kazi ipasavyo mpaka ifikie joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi; ndiyo maana vifaa vingi huwa na hita ndani yake. (Risasi iliyokuwa ikichanganywa katika petroli iliviua vifaa hivi upesi. Petroli ya aina hiyo iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006.)

Kwa kawaida viko viwili. Cha kwanza hukaa kabla ya chombo cha kusafisha moshi, nacho ndicho kinachotawala kiasi cha petroli. Cha pili hukaa baada ya chombo hicho, na kazi yake kubwa ni kuangalia kama chombo kinasafisha.

3.0 Sensa na kihisi

Gerejini jina linalotawala ni sensa. Neno hili limekwisha kupewa kazi nyingine katika Kiswahili, yaani hesabu ya watu, kama ile ya mwaka 2012 na ya mwaka 2022. Homonimu hii haimsumbui mtu yeyote, kwa kuwa muktadha unatosha: sensa iliyokufa haiwezi kuwa ya watu. Neno kihisi, lililoundwa kutokana na kitenzi hisi kwa kiambishi ki- cha ala, lina uzuri wa kimofolojia, lakini linasomwa zaidi kuliko kusemwa. Wanaistilahi wakibishana juu ya jozi hii watakuwa wanapoteza muda.

4.0 Mbele na nyuma

Tatizo halisi limo katika vielezi. Mtu anaposema “sensa ya mbele”, anaweza kuwa na maana tatu. Ya kwanza huchukua uso wa gari kuwa kipimo: mbele ni kuliko na taa kubwa. Ya pili hufuata mpangilio: kilicho mbele ndicho kinachotangulia, kwa hiyo ni kile ambacho moshi hukifikia kwanza. Ya tatu hufuata mwendo wa moshi wenyewe. Msafiri anayetoka Kahama kwenda Geita husema Geita iko mbele. Kwa mantiki hiyo, mbele ya moshi ni huko mwisho wa bomba. Maana ya pili na ya tatu zinapingana kabisa, na zote ni Kiswahili fasaha.

Chukua mfano wa mwenye Noah aliyeko Katoro anayeagiza kifaa kutoka Mwanza kwa simu. Gari lake linakunywa mafuta kupita kiasi kwa sababu kifaa cha kwanza kimechoka na kinajibu polepole. Muuzaji akielewa maana ya tatu, atatuma cha pili. Kitafungwa, pesa zitakwisha, na gari litaendelea kunywa mafuta. Aidha, petroli isiyoungua itaendelea kuharibu chombo cha kusafisha moshi, ambacho bei yake ni kubwa zaidi. Majina “kabla ya chombo” na “baada ya chombo” ni marefu, lakini hayana utata huo.

Lugha ya mashine ya kupimia nayo hutafsiriwa vibaya. Alama P0136 hutaja saketi ya kifaa cha pili. Haisemi kwamba kifaa kimekufa: waya uliokatika waweza kuleta alama hiyohiyo. Vivyo hivyo, ufa katika ekzosi kabla ya kifaa huingiza hewa na kukifanya kizima kitoe taarifa ya uongo. Kitenzi kufa kinamharakisha fundi kuzika.

5.0 Kukifungua

Makosa haya ni ghali kwa sababu kukifikia kifaa ni kazi. Katika Hiace injini iko chini ya viti vya mbele, hivyo viti huinuliwa kwanza. Katika magari mengi ambayo injini yake imelazwa kwa upana, ekzosi ikitazama ukuta wa dereva, mkono hupenya kwa shida. Baada ya miaka mingi ya joto hesi huwa zimegandana. Mafuta ya kulegeza kutu hupuliziwa na kuachwa yapenye. Injini hupashwa moto kidogo. Kisha hutumika soketi ya milimita 22 yenye mwanya wa kupitishia waya. Kufungua kwa nguvu injini ikiwa baridi huweza kung’oa hesi za bomba lenyewe. Kifaa kipya hupakwa grisi ya kuzuia kuganda kwenye hesi tu, kwani ikigusa ncha itakiharibu.

Prado yenye injini ya V6 ya petroli huongeza utata, kwa kuwa huweza kuwa na vifaa vinne, viwili kila upande. “Upande wa kwanza” katika vitabu vya watengenezaji ni ule wenye silinda namba moja. Fundi aliyesimama akitazamana na gari ana kulia kwake, dereva ana kulia kwake, na silinda namba moja haimfuati yeyote kati yao.