Mama, Sauti Yako Yahitajika Zahanati

Katika familia nyingi, anayeijua njia ya zahanati kuliko wote ni mama. Ndiye ampelekaye mtoto kupimwa uzito na kuchanjwa, ndiye aendaye kliniki akiwa mjamzito, ndiye amshikaye mkono mama mkwe aliyezidiwa na presha. Kwa hiyo mama ndiye wa kwanza kujua kwamba dawa ya malaria imekwisha, kwamba choo cha wagonjwa kimeziba, au kwamba muuguzi amehamishwa na wa kushika nafasi yake hajaletwa.

Lakini yale anayoyajua mama huishia wapi? Mara nyingi huishia njiani. Tunayasema kisimani, tunayasema sokoni, tunayasema tukingoja mazoezi ya kwaya yaanze. Tunalalamika, tunapoza roho, na kesho yake hali ni ile ile. Mkutano wa kijiji ukiitishwa, tunabaki jikoni. Kamati ya zahanati ikichaguliwa, hatujui ilichaguliwa lini wala na nani.

Ndugu msomaji, mwezi huu tumeona vema tulizungumze jambo hili waziwazi. Zahanati ya kijiji si mali ya mganga, wala si ya halmashauri peke yake. Taratibu za nchi yetu zimempa mgonjwa kiti katika uendeshaji wake. Kiti hicho kikikaa kitupu, wa kwanza kuumia ni mama na mtoto.

Haki hii ilitoka wapi?

Mwezi Septemba 1978, wajumbe wa nchi nyingi walikutana katika mji wa Alma-Ata, ambao leo uko katika nchi ya Kazakhstan, kwa mwaliko wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF. Walikubaliana kwamba afya ya msingi iwafikie watu wote, na kwamba wananchi wana haki na pia wajibu wa kushiriki kupanga na kuendesha huduma zao za afya, kila mmoja kwa nafsi yake na wote kwa pamoja. Tuyaangalie maneno hayo mawili: haki na wajibu. Haki hudaiwa, lakini wajibu hutimizwa.

Wala tusidhani kwamba hili ni jambo la nchi maskini tu. Huko Uingereza, mwaka 1972, daktari mmoja aitwaye Peter Pritchard, aliyekuwa akitibu katika kijiji cha Berinsfield, mkoa wa Oxfordshire, alianzisha kikundi cha wagonjwa waliokaa pamoja na watumishi wa kliniki yao kujadili huduma. Wazo hilo likaenea, na tangu Aprili 2015 kila kliniki ya daktari wa familia katika England inatakiwa na mkataba wake kuwa na kikundi cha namna hiyo. Wenzetu hao wana madaktari na vifaa vingi kuliko sisi. Hata hivyo walitambua kwamba daktari aliye ndani ya chumba chake hawezi kujua peke yake jinsi mambo yanavyoonekana kutoka benchi la wagonjwa.

Hapa Tanzania jambo hili lilipata nguvu zaidi wananchi walipoanza kuchangia gharama za matibabu. Uchangiaji ulianza katika hospitali za serikali mwaka 1993. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa kwa mara ya kwanza wilayani Igunga, mkoani Tabora, na mwaka 2001 ukatungiwa sheria. Mtu akitoa fedha yake hutaka kujua imefanya kazi gani. Ndipo zikawekwa kamati za kusimamia zahanati na vituo vya afya, na juu yake bodi za afya za halmashauri. Halafu, kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za benki za zahanati na vituo vyenyewe, badala ya kukaa wilayani. Tangu hapo kamati ya kijijini si ya kupamba tena. Ina mpango wa kupitisha na fedha za kulinda.

Kamati na kazi zake

Ndani ya kamati wamo wawakilishi wa wananchi wanaotumia zahanati, wamo na wa serikali ya kijiji. Mganga mfawidhi ndiye katibu. Kamati hupitia mpango wa mwaka na bajeti ya zahanati, hufuatilia mapato na matumizi, huangalia hali ya dawa, majengo na usafi, na hupokea maoni ya wananchi na kuyafikisha panapohusika.

Hizo si kazi za wasomi wakubwa. Mama anayegawa unga ukatosha mwezi mzima anajua bajeti ni nini. Mama anayeweka hesabu za mchezo wa upatu bila ugomvi anaweza kusoma daftari la mapato ya zahanati. Kinachotakiwa ni uaminifu, kujua kusoma na kuandika, na moyo wa kuuliza kwa upole bila kuogopa.

Tena yako mambo ambayo mwanamume, hata awe mwema namna gani, hayaoni kwa urahisi. Je, chumba cha kujifungulia kina pazia? Je, kuna maji ya kuoga baada ya kuzaa? Je, mama aliyekuja usiku na uchungu anapata taa? Kama ndani ya kamati hakuna aliyewahi kulala kwenye kitanda hicho, mambo hayo hayataandikwa katika bajeti.

Tukiambiwa "dawa hakuna"

Tuchukue mfano unaojulikana na wote. Mama amembeba mtoto mwenye homa, ametembea saa nzima juani. Mtoto anapimwa, anakutwa na malaria, kisha mama anaambiwa dawa mseto hakuna, akanunue dukani. Mfukoni ana nauli tu. Anarudi nyumbani na kumchemshia mtoto majani. Wapo watoto waliopotea kwa njia hii.

Mama huyo afanye nini? Kumtukana muuguzi hakuleti dawa, na kunyamaza pia hakuleti. Liko swali la tatu, nalo ni la kuulizwa na kamati: dawa hii imekwisha tangu lini, na iliagizwa lini? Zahanati huagiza dawa kutoka Bohari ya Dawa, yaani MSD. Kama Bohari haina dawa hiyo, mlango mwingine upo. Utaratibu wa mshitiri, ulioanza mkoani Dodoma mwaka 2014 na kuenezwa nchi nzima mwaka 2018, unaruhusu zahanati kutumia fedha zake kununua kutoka kwa muuzaji aliyeteuliwa katika mkoa. Basi huenda tatizo si Bohari. Huenda oda ilichelewa kuandikwa, au fedha zilikuwepo na hazikupangiwa dawa, au dawa zilizofika ni pungufu kuliko zilizoandikwa. Kila moja ya sababu hizo ina dawa yake, lakini haiwezi kujulikana bila mtu kufungua daftari. Ndiyo maana ni vizuri wajumbe wa kamati wawepo shehena inapopokelewa, waihesabu pamoja na mganga na kutia sahihi. Jambo hili humlinda mganga mwaminifu pia, kwa maana hakuna atakayemsingizia.

Habari za zahanati zimfikie mgonjwa

Ushirikiano una pande mbili. Mgonjwa aseme, na zahanati nayo iseme. Siku ya kliniki imehamishwa kutoka Jumanne kwenda Alhamisi, nasi hatukuambiwa; wajawazito kumi wanatembea bure. Huduma mpya imeletwa, nasi hatujui. Vifaa vinakaa vumbi.

Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ni mfano mzuri. Ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, nao walitakiwa kupata dozi mbili. Mwaka 2024 utaratibu ukabadilika: sasa ni dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mzazi asiyepata habari hii atadhani binti yake wa miaka 10 bado ni mdogo mno. Na mahali ambapo habari za kweli hazikufika, uvumi huingia kwanza na kuketi kitini.

Dawa ya uvumi si ghali. Ubao wa matangazo nje ya zahanati unatosha: saa za kazi, siku za kliniki, bei za huduma, dawa zilizopokelewa, na majina ya wajumbe wa kamati. Yaandikwe pia makundi yanayostahili msamaha. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inataka wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wapate huduma bila malipo. Bibi asiyejua haki hiyo atauza kuku wake wa mwisho. Nasi tunao ubao mwingine usiohitaji chaki: matangazo ya Jumapili baada ya ibada na vikundi vyetu vya akina mama. Tangazo la kliniki linachukua dakika moja tu.

Zahanati za kanisa nazo

Tusinyooshe kidole kwa serikali peke yake. Makanisa yetu yana zahanati na hospitali nyingi, na mwaka 1992 Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo waliunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC, ili kushirikiana katika elimu na afya. Tujiulize basi: je, katika zahanati ya usharika au parokia yetu mgonjwa husikilizwa? Je, katika bodi yake kuna mama wa kawaida, anayekaa kwenye foleni pamoja na wengine? Msalaba ulio juu ya mlango hautoshi kama ndani yake mnyonge hana pa kusemea.

Hofu yetu, na mabinti watano

Tunajua kinachowazuia wengi kusema. Mama huwaza: nikimlalamikia muuguzi leo, kesho nitakapokuja na uchungu atanipokeaje? Hofu hiyo ni ya kweli, wala hatuidharau. Lakini ndiyo sababu kamati ikawekwa, ili neno lisiwe la mama mmoja bali la kijiji. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, twasoma habari za mabinti watano wa Selofehadi. Baba yao alikufa bila mtoto wa kiume, na kwa desturi wasingepata urithi. Hawakulia hemani kwao. Walikwenda wote watano mpaka mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, kuhani na wakuu, wakaeleza shauri lao kwa heshima na kwa hoja. Musa akalipeleka kwa Bwana, naye Bwana akasema wana haki. Toka siku hiyo ikawa sheria kwa Israeli yote. Walikwenda pamoja, walikwenda mahali panapostahili, na faida yake ikawafikia mabinti ambao hawajazaliwa bado.

Tukisema, tuseme kweli kwa upendo. Tukumbuke kwamba muuguzi wetu huenda yuko peke yake mchana na usiku, naye ana watoto nyumbani. Akizalisha salama usiku wa mvua, tumshukuru mbele ya mkutano. Anayejua kushukuru husikilizwa anapoonya.

Tufanye nini?

Kwanza, tujue majina ya wajumbe wa kamati ya zahanati yetu. Ofisi ya kijiji inayo. Pili, tuhudhurie mkutano mkuu wa kijiji. Kila mtu mzima wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake, na hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hapo tuombe taarifa ya zahanati isomwe: fedha zilizoingia, zilizotumika na dawa zilizopokelewa. Tatu, kikundi chetu cha akina mama kiwe na daftari dogo la kuandika tarehe na jambo lililotokea, ili tusiseme kwa kukisia. Nne, kipindi cha kamati kikiisha, tumwombe mama mwenzetu anayeaminika agombee, nasi tumsaidie kazi za nyumbani siku ya kikao. Wanyonge wengi wamekosa msemaji kwa sababu tu msemaji alikuwa na mtoto mgongoni na chungu motoni.

Nanyi akina baba mnaosoma ukurasa huu, mwachieni mama nafasi ya kwenda. Akirudi na habari, msikilizeni.

Wazee walisema, mficha uchi hazai. Zahanati inayofichiwa maradhi yake haitapona. Tumwombe Mungu atupe hekima ya kusema, na zaidi ya hapo miguu ya kufika mkutanoni.