Aliyeumwa na Nyoka: Namna Ubongo Unavyoikabili Hatari

Dereva mmoja wa lori, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole, aliketi mbele yangu akiwa na bahasha iliyojaa majibu ya vipimo. (Baadhi ya mambo yake nimeyabadilisha ili asitambulike.) Kipimo cha umeme wa moyo kilikuwa safi. Picha ya moyo ilikuwa safi. Sukari, wingi wa damu na homoni za tezi ya thiroidi, vyote vilikuwa sawa. Mahali alikopita kabla ya kuja kwetu aliambiwa kwamba hana ugonjwa wowote, ni hofu tu, akapumzike. "Daktari," akaniuliza, "kama sina ugonjwa, mbona moyo unataka kutoka kifuani?"

Swali hilo lilistahili jibu, na neno "tu" halikuwa jibu. Miezi kadhaa nyuma, akiteremka mlima Kitonga, aliliona gari la mbele yake likishindwa kusimama na kupinduka. Yeye alinusurika. Kilichobaki ni harufu ya breki zilizoungua. Tangu siku ile, kila alipopita karibu na fundi wa matairi na kunusa mpira ulioungua, alitokwa jasho, vidole vilikufa ganzi, na moyo ukaenda mbio kana kwamba lori lile linapinduka upya.

Ili kuelewa yaliyompata, yafaa tuanze ndani ya ubongo. Habari nyingi za macho na masikio hupitia kwanza thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo, ndipo zigawanywe. Mtafiti Joseph LeDoux wa Chuo Kikuu cha New York, kwa kuwachunguza panya, alionyesha kwamba kutoka hapo zipo njia mbili. Moja ni ndefu: hupita katika gamba la ubongo, mahali tunapopambanua vitu kwa makini. Nyingine ni fupi, nayo huelekea moja kwa moja kwenye amigdala, fungu dogo la chembe za neva lenye umbo la lozi, lililo ndani ya ubongo usawa wa sikio, moja kila upande. Njia fupi ni ya haraka lakini haioni vizuri. Wahenga walikwisha kulieleza jambo hili waliposema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwili huruka kwanza, kisha gamba la ubongo huja nyuma likisema: ni ukindu huo, keti. Anayeruka bure hupoteza pumzi kidogo. Asiyeruka siku nyoka ni nyoka kweli hupoteza maisha.

Harufu ina upendeleo wa pekee. Haina haja ya kupitia thalamasi kwanza. Neva zake zina njia iendayo karibu moja kwa moja hadi kwenye amigdala. Ndiyo sababu harufu ya mpira ulioungua ilimfikia dereva wetu kabla hajajua amenusa nini.

Hata hivyo, nisingependa msomaji aondoke akidhani kwamba amigdala ndiyo hofu yenyewe. LeDoux mwenyewe amesisitiza kwamba sehemu hii hutambua tishio na kuuandaa mwili, lakini hofu tunayoihisi na kuitaja kwa jina huhitaji sehemu nyingine nyingi. Yupo mwanamke nchini Marekani, ajulikanaye katika maandishi ya kitabibu kwa herufi S.M., ambaye ugonjwa adimu uliharibu amigdala zake zote mbili. Nyoka na buibui hawakumtia hofu. Lakini katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, alipovutishwa hewa yenye asilimia 35 ya kabonidioksaidi, alishikwa na kihoro kikali. Ubongo, kwa hiyo, una kengele zaidi ya moja. Iliyo ya kuonya kwamba pumzi inakosekana haikuitegemea amigdala.

Baada ya kengele kulia, mwili hupokea amri kwa awamu mbili. Ya kwanza husafiri kwa neva na huchukua sekunde chache. Neva za simpathetiki huuharakisha moyo, hupanua mboni na njia za hewa, na hufikisha ujumbe kwenye tezi za adrenali zilizo juu ya figo, nazo humwaga adrenalini katika damu. Damu huondolewa tumboni na ngozini ikapelekwa kwenye misuli. Mate hukauka kwa kuwa huu si wakati wa kula. Mwanafiziolojia Walter Cannon wa Harvard aliieleza hali hii mwaka 1915 kuwa ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Angeweza kuongeza kuganda, maana wapo wanaosimama kama gogo mbele ya hatari, na kisha hujilaumu miaka mingi kwamba hawakupiga hata kelele. Kuganda si woga wala si ridhaa. Ni mwitiko uliopangwa katika shina la ubongo, nao haumngojei mtu aamue. Ningetamani kila anayemhoji mwathirika wa ukatili alijue hili.

Awamu ya pili ni ya polepole. Hipothalamasi huiamuru tezi ya pituitari, nayo huiamuru sehemu ya nje ya tezi za adrenali itoe kotisoli, ambayo hufikia kilele takriban dakika 20 hadi 30 baadaye. Kotisoli huongeza sukari katika damu na kupunguza matumizi yasiyo ya lazima. Ikishatosha, yenyewe huuarifu ubongo uache kuidai.

Tatizo huja tishio lisipokwisha: deni, ndoa yenye kipigo, bosi asiyetabirika. Robert Sapolsky alianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kuwachunguza nyani pori katika eneo la Mara, nchini Kenya, akiwalaza kwa vishale vya dawa na kuwapima damu. Aliona kwamba madume wa daraja la chini, wanaoonewa kila siku, walikuwa na kotisoli nyingi hata wakati wa utulivu. Katika miaka ya 1980 kifua kikuu kiliwaua madume wakali wa kundi moja, waliokuwa wakienda kula kwenye jalala la hoteli ya watalii. Kundi lililobaki likawa la upole, na wanyonge wake hawakuonyesha tena zile dalili za mfadhaiko. Daraja halikuondoka, kilichoondoka ni uonevu. Huwa nalikumbuka jambo hili ninapoombwa kutoa semina ya "kudhibiti msongo" kwa wafanyakazi, ilhali aliyeniita ndiye chanzo cha msongo wao.

Katika wanyama wa maabara, mfadhaiko wa muda mrefu hupunguza matawi ya chembe za neva katika hipokampasi, inayotunza kumbukumbu za mahali na wakati, na pia katika gamba la mbele ya ubongo, linalotuliza kengele. Katika amigdala matawi huongezeka. Breki hudhoofu huku injini ikipata nguvu. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya mabadiliko ya hipokampasi na gamba la mbele hurejea mfadhaiko ukiondoka.

Je, hofu iliyokwisha kujifunzwa hufutika? Kwa kawaida, hapana. Pavlov aliona kwamba mbwa aliyeachishwa mwitiko huurudia baada ya muda kupita. Tiba haiifuti kumbukumbu ya zamani. Hujenga mpya kando yake, isemayo kwamba harufu hii mara nyingi haileti ajali. Kumbukumbu hiyo haijengeki kwa kukwepa. Wala haijengeki vizuri kwa pombe au vidonge vya usingizi vinunuliwavyo bila cheti, ambavyo hutuliza usiku mmoja na kudai vingi zaidi usiku ufuatao.

Nieleweke vyema: maumivu ya kifua hupimwa kwanza. Bahasha ile ya vipimo haikuwa bure. Lakini baada ya kuifunga, nilimchorea dereva wetu ubongo nyuma ya karatasi ya majibu, nikamweleza kwamba ganzi ya vidole hutokana na kupumua haraka mno, hali inayopunguza kabonidioksaidi katika damu. Tukafanya mazoezi ya kutoa pumzi polepole. Wiki zilizofuata aliketi katika lori lililozimwa, kisha akaliendesha barabara tambarare, kisha akaenda kusimama kwa fundi wa matairi hadi moyo uliposhuka wenyewe. Mwanzoni alinichukia, aliniambia baadaye, kwa kumpeleka mahali alipokuwa akipakimbia.

Alinipigia simu mchana mmoja kutoka Ruaha Mbuyuni, chini ya mteremko. Aliteremka akiwa na utingo wake, akasimama mara mbili njiani kupumua. "Moyo ulienda mbio, Daktari," akasema, "lakini safari hii nilijua ni nani anayeupiga." Kisha akaniomba nisubiri kidogo, kwa kuwa alikuwa anapatana bei ya vitunguu.