Mafuta Yapelekayo Habari Mwilini

Wasikilizaji, mtu akijikwaa, kidole chake huvimba, hupata moto na kuuma. Ni nani aliyepeleka habari ya jeraha? Jioni hii nitawaeleza habari za mjumbe huyo.

Mwili umejengwa kwa seli, navyo ni vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu. Kila seli imezungukwa na utando wa mafuta. Mwaka 1925 wataalamu wawili wa Uholanzi, Gorter na Grendel, walipima mafuta ya seli nyekundu za damu, wakatambua kwamba utando huo una tabaka mbili. Utando huo ni ukuta, lakini tena ni ghala ya wajumbe.

Seli iumiapo, kimeng'enya hukata kipande cha mafuta hayo, na kingine hukigeuza kuwa prostaglandini. Huyo ndiye mjumbe wetu. Aendapo kwa seli jirani, mishipa ya damu hupanuka na neva za maumivu huzidi kuwa nyepesi. Mwaka 1971 John Vane alionyesha huko London kwamba aspirini huzuia mjumbe huyo asifanyizwe. Ndiyo sababu maumivu hupungua, ingawa jeraha halijapona.

Lakini angalieni: prostaglandini hulinda pia utando wa ndani wa tumbo. Amezaye aspirini ovyo humnyamazisha mpiga kelele, naye mlinzi humfukuza, hata tumbo laweza kuvuja damu. Basi dawa hiyo na itumiwe kwa kipimo, wala mtoto mwenye homa asipewe pasipo shauri la daktari.