Kwa Nini Mibuni ya Zamani Haing'olewi

Katika mashamba ya kahawa ya Ruiru na Thika ingali ipo mibuni mirefu iliyopandwa na wazee, na baadhi ya wazee hao hawako tena duniani. Mibuni hiyo ni ya aina ziitwazo SL28 na SL34. Aina mpya zilizotolewa papo hapo Ruiru zina nguvu zaidi za kushindana na maradhi, lakini wakulima wengi hawakubali kuing'oa ile ya zamani. Wako wasemao kwamba huo ni ukaidi tu. Lakini mtu akilichunguza jambo hili ataona kwamba sababu ziko.

Herufi SL ni kifupi cha Scott Laboratories, mahali pa utafiti wa kilimo huko Kabete. Mwaka 1931 palionekana Monduli, katika Tanganyika, mibuni iliyostahimili ukame, na mbegu zake zikaletwa Kenya. Katika miche ya mbegu hizo ndimo ilimochaguliwa SL28. Asili ya SL34 ni mbuni mmoja wa shamba la Loresho, Kabete.

Adui mkubwa wa mibuni hii ni chule buni, ugonjwa wa ukungu unaoozesha kahawa ingali mbichi. Ulionekana Kenya mara ya kwanza mwaka 1922, na katika miaka ya 1960 ulileta hasara kubwa sana. Kwa hiyo wataalamu wa Ruiru walichanganya aina mbalimbali, wakatoa Ruiru 11 mwaka 1985, na Batian mwaka 2010. Zote mbili hustahimili chule buni na kutu ya majani. Tena Ruiru 11 ni fupi, na hekta moja huweza kupandwa mibuni 2,500, hali SL28 hupandwa 1,330 hivi.

Basi, kwa nini ya zamani hupendwa? Kwanza, mizizi ya SL28 huenda chini sana, na mbuni hustahimili jua la miezi mingi. Mizizi ya Ruiru 11 haiendi chini kiasi hicho.

Pili, mkulima aweza kuotesha mbegu za SL28 yake mwenyewe, na miche ikafanana na mzazi wake. Ruiru 11 haiko hivyo. Mbegu yake hupatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono, na mtu akiotesha mbegu za shambani mwake hupata miche isiyofanana. Kwa hiyo hana budi kununua miche, na kwa miaka mingi miche hiyo ilikuwa adimu.

Tatu, wanunuzi wa nchi za ng'ambo husifu sana ladha ya SL28. Nne, mibuni iking'olewa, mwenyewe hukaa miaka miwili au zaidi bila mavuno ya maana, na karo ya watoto haingoji.

Hata hivyo, mibuni ya zamani ina gharama yake. Isiponyunyiziwa dawa mara nyingi wakati wa mvua, huharibika. Mtu asiye na fedha za dawa aweza kuona mavuno yake yote yakioza mtini.

Njia ya katikati ipo. Mbuni wa zamani hukatwa, machipukizi yakaachwa yaote, kisha vijiti laini vya Ruiru 11 au Batian hubebeshwa juu yake. Hivyo sehemu ya juu huwa mpya yenye kustahimili maradhi, na mizizi hubaki ile ile iliyokwisha kushika ardhi. Mbuni wa namna hii huzaa mapema kuliko mche. Mkulima mwenye busara hakati shamba zima kwa mara moja. Hukata sehemu moja, na nyingine humpatia fedha za matumizi.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa njia hii ya kubebesha, mkulima hupata msala mpya na mbachao wake haupotei.