Juma Lina Saa 168: Majirani wa Kerala na Tiba Shufaa

Juma moja lina saa 168. Tuchukue mfano wa mgonjwa wa saratani ambaye madaktari hawana tena njia ya kuuondoa ugonjwa wake, naye amerudishwa nyumbani. Muuguzi akimtembelea mara moja kwa juma na kukaa naye saa moja, zabaki saa 167. Katika saa hizo maumivu hurudi, dawa hunywewa au husahauliwa, na mke au binti amwuguzaye hukesha. Makala haya yaeleza jinsi watu wa kujitolea katika jimbo la Kerala, kusini ya India, walivyozigawana saa hizo.

Tiba shufaa ni matibabu ambayo shabaha yake si kuponya ugonjwa bali kupunguza mateso: maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi, vidonda, na pia hofu na upweke. Si tiba ya siku za mwisho tu, kama wengi wadhanivyo. Yaweza kuanza tangu ugonjwa ugunduliwapo na kwenda sambamba na matibabu mengine.

Dawa yake kuu kwa maumivu makali ni mofini, ipatikanayo katika afyuni. Wanafunzi wa biolojia watakumbuka kwamba habari za maumivu hupelekwa na mishipa ya fahamu hadi katika uti wa mgongo, na kutoka huko hadi ubongoni. Mofini hujishikiza kwenye vipokezi maalumu vya seli za mishipa hiyo, ambavyo wataalamu walivithibitisha mwaka 1973, ikapunguza habari zinazopita. Mofini ya maji hufanya kazi kwa muda wa saa 4 hivi. Kwa sababu hiyo hutolewa kwa kufuata saa, bila kungoja mgonjwa alie. Kwa juma moja mgonjwa aweza kuhitaji kuinywa hadi mara 42. Tena mofini hufunga choo, na mwili hauizoei hali hiyo. Mgonjwa asiyepewa dawa ya kulainisha choo aweza kuikataa dawa ileile iliyompa usingizi.

Mofini ya maji si ghali kuitengeneza. Nchini Uganda, hospisi iliyoanzishwa Kampala mwaka 1993 na daktari Anne Merriman imekuwa ikiichanganya kutokana na unga na maji, na kuitia rangi ili nguvu zake zisichanganywe. Na tangu 2004 sheria ya nchi hiyo yawaruhusu wauguzi wenye mafunzo maalumu kuiandika. India nayo ni miongoni mwa nchi chache zinazolima mpopi wa afyuni kwa halali. Hata hivyo, sheria yake ya dawa za kulevya ya mwaka 1985 ilizizungushia hospitali vibali vingi mno, hata nyingi zikaacha kuweka mofini. Nchi ikawa inauza afyuni ng'ambo huku wagonjwa wake wakilia. Kerala ililegeza masharti hayo mwishoni mwa miaka ya 1990.

Katika jimbo hilo kazi ilianza mwaka 1993 mjini Kozhikode, ambapo madaktari M. R. Rajagopal na Suresh Kumar, pamoja na wenzao, waliunda chama cha kutuliza maumivu kwenye hospitali ya chuo cha udaktari. Wagonjwa walitoka mbali, na waliodhoofika hawakuweza kurudi. Kwa hiyo vikazaliwa vikundi vya mitaani, hasa katika wilaya ya Malappuram, vikiendeshwa na majirani wenyewe na kugharamiwa zaidi na michango midogo midogo ya watu wa mahali hapo.

Anayejitolea hupata masomo ya muda wa saa 16, kisha siku 4 za mazoezi chini ya uangalizi. Hafundishwi kuwa daktari mdogo. Haongezi wala hapunguzi dawa. Hutazama, huuliza na kumpasha habari muuguzi. Je, chupa imebakiza kiasi gani? Mgonjwa amekwenda choo lini? Amegeuzwa kitandani? Mtu akilala upande mmoja muda mrefu, uzito wake huibana mishipa ya damu kati ya mfupa na godoro, na ngozi hufa kwa kukosa damu.

Jambo moja dogo lastahili kutajwa peke yake. Vidonda vya saratani hunuka vibaya, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya bakteria waishio pasipo oksijeni. Harufu hiyo huwafukuza wageni, na wakati mwingine hata watoto wa nyumba. Vidonge vya kawaida vya metronidazoli vikisagwa na kunyunyiziwa kidondani kwa maelekezo ya muuguzi, bakteria hao hufa, harufu hupungua, na watu huketi tena karibu. Naona hapa sayansi na ujirani havitenganiki.

Isidhaniwe kwamba kujitolea kwaweza kuchukua nafasi ya muuguzi. Watu huchoka, na si kila mgonjwa apendaye jirani aijue siri yake. Serikali ya Kerala ilipotoa sera yake ya tiba shufaa mwaka 2008, ilizipa serikali za mitaa jukumu la huduma hiyo majumbani.

Huko Kozhikode hata wanafunzi hushiriki. Hukusanya michango na kuwatembelea wagonjwa majumbani. Wakati mwingine kazi yao yote ya alasiri ni kuketi na mgonjwa na kuzungumza naye, ili mkewe apate saa mbili za kulala.