Sadaka ya Jumapili na Deni la Jumamosi

Mwisho wa mwezi unapowadia, nyumba nyingi za wafanyakazi mijini hugeuka mabaraza ya hesabu. Kodi, karo, unga na nauli hudai haki zao kwa pamoja. Saa hiyo, kumwambia mtu kwamba fedha si kitu ni kumdhihaki.

Ukristo haukusema hivyo. Mtume Paulo, alipomwandikia Timotheo, hakuilaumu fedha yenyewe, bali tamaa ya kuipenda. Maskini naye aweza kuwa mtumwa wa fedha asiyokuwa nayo, kama tajiri alivyo mtumwa wa ile aliyo nayo.

Tuwatazame watu wawili wa Injili. Kijana tajiri aliambiwa auze vyote alivyokuwa navyo, awape maskini. Akaenda zake kwa huzuni. Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, hakutajiwa kiasi chochote. Mwenyewe aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyemdhulumu kumrudishia mara nne. Hakutafuta kuisafisha dhuluma kwa kuipeleka hekaluni. Aliirudisha kwa wenyewe.

John Wesley wa Uingereza, mwasisi wa Wamethodisti aliyefariki mwaka 1791, alisimulia habari za kijana mmoja wa Oxford. Kijana huyo alipata pauni 30 kwa mwaka, akatumia 28 na kutoa 2. Mwaka uliofuata alipata 60, akatumia zile zile 28 na kutoa 32. Wengi huamini kwamba Wesley alikuwa akijisema mwenyewe. Pato liliongezeka, mahitaji hayakuongezeka. Ni wangapi kati yetu ambao nyongeza ya mshahara haikuwazalia kiu mpya?

Lakini kabla ya kutoa kuna kulipa. Yakobo aliwaonya matajiri kwamba ujira waliowazuilia vibarua wao unapiga kelele. Hata leo wako wanaotoa noti mpya kanisani, ilhali mtumishi wa ndani hajalipwa mwezi wa pili.

Ndugu msomaji, Injili ya Mathayo yafundisha kuiacha sadaka mbele ya madhabahu na kwenda kwanza kupatana na ndugu. Basi, kabla hujaikunja noti ya sadaka, jiulize ni ya nani. Ikiwa ni ya mwingine, anzia kwake. Mungu aweza kungoja hadi Jumapili ijayo. Watoto wa mtumishi yule hawawezi.